Nyonga ni mpya, mguu ni ule ule

Kwenu wenzangu mliobadilishiwa nyonga, na kwenu mnaowauguza,

Salamu nyingi. Kuna swali ninaloulizwa na karibu kila mmoja wenu, na huulizwa kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kosa: "Mzee, nyonga imebadilishwa, daktari anasema picha ni nzuri, mbona mguu bado unaniuma?" Leo nimeamua kulijibu mbele ya wote, kwa sababu nimeona kila mmoja analibeba peke yake. Mnaona aibu. Jamaa zenu waliwasindikiza hospitali, wakakesha nanyi, wakangoja siku mtakaporudi mkitembea wima. Sasa miezi miwili imepita, mnaguna mkiinuka kitini, na mtu anauliza, "Bado tu?" Basi mnajifunza kuguna kimoyomoyo.

Acheni hilo leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maumivu yanayofichwa hayapati wa kuyachunguza.

Mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 66, baada ya kuchechemea kwa miaka mitano. Niliamini kwamba siku kiungo kibovu kitakapotoka, maumivu yatatoka nacho. Na kweli yale maumivu ya zamani, yale ya kusaga ndani kabisa ya kinena, yaliondoka karibu siku ile ile. Yaliyokuja baadaye yalikuwa mengine: paja, goti, ubavu wa nyonga, ganzi kwenye ngozi. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwayo, na wiki za mwanzo niliogopa sana. Barua hii ningependa kuipokea mimi wakati ule.

Fikirini kilichofanyika. Daktari anakata kichwa cha mfupa wa paja kilicholika, anachonga tundu la nyonga na kulivika kikombe kipya, kisha anashindilia shina la chuma ndani ya mfupa wa paja na kuweka juu yake tufe la chuma au la kauri. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili. Tangu mwaka 1962, daktari Mwingereza John Charnley alipoanza kutumia tufe dogo la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, vyuma hivi vimeboreshwa sana. Lakini misuli inayokizunguka kiungo haibadilishwi. Ni ile ile iliyozoea kuchechemea kwa miaka, ikasinyaa upande mmoja na kukaza upande mwingine, halafu siku ya upasuaji ikavutwa, ikasogezwa, na mingine ikakatwa na kushonwa. Nyonga ni mpya, mguu ni ule ule. Mguu huo sasa unafundishwa upya kazi uliyoisahau, na kufundishwa kunauma.

Nawaomba kwanza mjifunze kuyataja maumivu yenu kwa mahali na kwa saa. "Mguu unauma" haimsaidii daktari wala mtaalamu wa fiziotherapia. Unauma wapi? Ukiwa unafanya nini? Unaanza ukisimama, au unakuamsha usiku?

Nianze na paja, kwa sababu ndilo linalowatisha wengi. Ukikaa muda kisha ukasimama, hatua tatu nne za kwanza paja linauma katikati, upande wa mbele, kisha linatulia unapoendelea kutembea. Lile shina la chuma ni gumu kuliko mfupa unaolibeba. Mfupa hupinda kidogo sana kila unapoukanyagia, chuma hakipindi hivyo, na penye ncha ya shina mfupa unahisi tofauti hiyo. Kama shina lako liliwekwa bila saruji ya mifupa, kuna jambo la pili: mfupa wenyewe unapaswa kuota na kushikamana na uso wa chuma ulioachwa na vinyweleo makusudi. Kushikamana huko huchukua kati ya wiki 6 na 12 kuanza kuwa imara, na mfupa huendelea kujizoesha kwa miezi mingi baada ya hapo. Maumivu yangu ya paja yaliisha mwezi wa tisa. Hayakuisha siku moja. Niligundua tu asubuhi moja kwamba nimesimama na kwenda mlangoni bila kuyangoja. Lakini sikilizeni vizuri: maumivu hayo yanatakiwa kupungua mwezi hadi mwezi. Yakizidi badala ya kupungua, au yakipotea kabisa kisha yakarudi baada ya miaka, mrudieni daktari, maana huenda shina limelegea.

Goti nalo hudanganya. Neva zinazopeleka habari za nyonga hupeleka pia habari za goti, hivyo ubongo unaweza kukosea anwani. Kabla ya upasuaji nilipaka dawa goti kwa miezi mingi, na ugonjwa ulikuwa nyongani. Baada ya upasuaji goti linaweza kuuma tena kwa sababu mwendo umebadilika, na kwa sababu uvimbe na damu iliyovilia hushuka kwa uzito wake toka nyongani hadi pajani, gotini, hata kwenye kifundo cha mguu. Uvimbe wa namna hii, unaoongezeka jioni na kupungua asubuhi, unaweza kukaa miezi mitatu hata sita.

Sasa nije kwenye ubavu wa nyonga, pale penye mfupa uliojitokeza unapolala upande. Hapa nina neno zito zaidi kuliko yote. Misuli ya pembeni ya makalio ndiyo inayoushikilia mwili usiinamie upande mmoja kila unaposimama kwa mguu mmoja, na kutembea si kingine ila kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Misuli hiyo ikiwa dhaifu unachechemea, na ukichechemea unaivuta na kuichosha, inauma, unazidi kuchechemea. Ndiyo sababu nawasihi msiitupe fimbo mapema. Wengi wenu mnaiacha ili watu waone mmepona. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili, mkabala na nyonga iliyopasuliwa, itangulie pamoja na mguu ule mgonjwa. Ikishikwa hivyo inaipunguzia misuli ile mzigo mkubwa, na mwendo unanyooka. Heri miezi minne ya fimbo na mwendo ulionyooka kuliko kuiacha wiki ya sita ukabaki na kuchechemea kulikokomaa. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Maumivu ya kinena wakati wa kuinua mguu kuingia kitandani au ndani ya gari mara nyingi hutokana na msuli unaoinua paja. Mwanzoni usaidie mguu kwa mikono au kwa mkanda mpana. Yakiendelea miezi mingi, mwambie daktari, kwa sababu wakati mwingine kano ya msuli huo husugua ukingo wa kikombe kipya.

Ganzi na kuwaka moto kwenye ngozi ya paja ni habari ya neva ndogo zilizovutwa au kukatwa. Neva iliyokatika huota polepole mno, takriban milimita moja kwa siku katika hali nzuri, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Pimeni wenyewe umbali toka kwenye mshono hadi pale penye ganzi, mtaelewa kwa nini mnaambiwa mngoje. Kipande kidogo cha ngozi kinaweza kubaki na ganzi daima, na mtu akaishi nacho bila taabu. Lakini kama mguu unawaka na kuchoma usiku kucha, semeni hivyo hasa, "unawaka, unachoma," kwa sababu maumivu ya neva yana dawa zake na zile za kawaida haziyatulizi vizuri. Na kama yanatoka makalioni yakishuka hadi chini ya goti na kwenye vidole, ombeni mgongo uangaliwe pia. Wapo waliosumbuliwa na nyonga na uti wa mgongo kwa pamoja, na kutibiwa kimoja kulikiacha cha pili wazi.

Kuna wenzetu wanaona mguu uliopasuliwa umekuwa mrefu. Mara nyingine ni kweli, tofauti ya milimita chache. Mara nyingi zaidi ni kiuno kilichopinda kwa miaka ya maumivu, nacho hurudi polepole misuli inapolegea. Msikimbilie kuongeza soli ya kiatu katika wiki za mwanzo. Ngojeni miezi kadhaa, mpimwe.

Lililoniumiza mimi kuliko yote lilikuwa siku nzuri. Wiki ya saba niliamka mguu mwepesi, sina maumivu. Nikatembea asubuhi, nikatembea mchana, nikapanda na kushuka ngazi kama mtu anayelipa deni la miaka mitano. Siku tatu zilizofuata sikuweza kuvaa soksi. Nikakaa kitandani kwa hofu, misuli ikapoa na kukaza, na nilipoanza tena nilianza nyuma ya pale nilipokuwa. Tangu hapo nilijiwekea kipimo: maumivu ya mazoezi yakitulia kabla ya kesho yake asubuhi, nimefanya vya kutosha, yakinikuta asubuhi yakiwa makali kuliko jana, napunguza nusu. Sikuacha, nilipunguza. Siku nzuri nilitembea dakika zile zile za siku mbaya, nikaongeza kidogo kila wiki. Inahitaji moyo kujizuia siku ambayo mwili unakuruhusu, najua.

Ya dawa za maumivu sitayasema mengi, daktari wenu anawajua kuliko mimi. Mezeni kabla ya mazoezi, msingoje maumivu yapande. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na wengine huambiwa chini ya hapo. Angalieni maana imefichwa pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijiongezee ibuprofeni na dawa za maumivu za jamii yake bila kuuliza, tumbo linaweza kuvuja damu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, ilinisaidia jioni kuliko nilivyotarajia. Usiku mto uwe katikati ya magoti, na masharti mliyopewa ya kutokunja nyonga kupita kiasi na kutopishanisha miguu yafuatwe hadi mwambiwe basi.

Yapo maumivu ambayo hayangojwi. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma ukiligusa, huenda ni damu iliyoganda. Nendeni siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma au mkikohoa damu, ni dharura, kwa sababu bonge la damu linaweza kuwa limefika mapafuni. Mshono ukitoa maji au usaha, ukawa mwekundu unaosambaa, au homa na kutetemeka vikaja, msikubali kupewa vidonge bila daktari aliyewapasua kujulishwa. Na mkisikia maumivu makali ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umepinda, msijaribu kusimama: kiungo kinaweza kuwa kimechomoka au mfupa umevunjika.

Sitawaficha kwamba kwa baadhi yetu maumivu hubaki. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu 7 na 23 katika kila 100 waliobadilishiwa nyonga walikuwa na maumivu ya kuwasumbua baada ya kupona. Nawaambia hivyo ili ambaye mwaka umepita na bado anaumia asijione mvivu wala mwoga. Huyo ana haki ya kuchunguzwa upya kutoka mwanzo: picha ya eksirei, vipimo vya damu kutafuta maambukizi, mgongo, misuli. Mimi nilipomwambia daktari mmoja habari za paja langu, alinijibu kwamba ni umri. Nilikubali na kunyamaza miezi miwili. Nisingenyamaza leo. Ningeuliza, "Umri umeanzaje mguu mmoja tu?"

Nanyi mnaowauguza, nawaomba kitu kimoja. Badala ya "Bado tu?", ulizeni, "Leo unauma wapi?" Mtu akijua atasikilizwa, atawaambia mapema hata zile dalili za hatari. Msimfanyie kila kitu pia. Akiweza kuinuka mwenyewe, msimvute mkono, simameni karibu.

Mnapojiandaa kumwona daktari, andikeni kwenye karatasi mambo matatu: mahali panapouma, kinachoanzisha, na kama mwezi huu ni afadhali kuliko uliopita. Mkiingia, mpeni hiyo karatasi kabla hajauliza hali. Hali, wote tumezoea kujibu kwamba ni nzuri.

Ni mimi,
Mzee mwenzenu wa fimbo