Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkutano Wetu wa Fairbanks, Wageni na Ziara Zake

Ndugu wanachama,

Salamu kwenu nyote, mlio Anchorage, Edmonton na Minneapolis, na ninyi mliotuunga mkono kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililokula sehemu kubwa ya mwaka wetu: mkutano wa uhandisi wa maeneo ya baridi tuliouandaa Fairbanks, Alaska, mwezi wa Septemba.

Wapo waliouliza kwa nini hatukwenda Januari, wakati baridi imeshika kweli. Ni kwa sababu mwezi wa Septemba udongo wa juu umeyeyuka hadi kina chake cha mwisho kwa mwaka, na madhara yanaonekana kwa macho: barabara zilizobonyea, nyumba zilizoinama upande mmoja. Januari theluji huficha yote hayo.

Siku ya kwanza hatukuingia ukumbini kabisa. Kamati iliamua ziara itangulie mihadhara, na najua baadhi yenu mlipinga. Tulikwenda Fox, kilomita kama 16 kaskazini mwa mji, kwenye handaki ambalo wahandisi wa Jeshi la Marekani walianza kulichimba mwaka 1963 ndani ya ardhi iliyoganda daima. Mlango ukifunguliwa, kinachokupokea kwanza ni harufu, kabla hata ya baridi. Ni uvundo wa majani, mizizi na wanyama waliokufa maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita, ambao barafu imewahifadhi nusu wameoza. Mizizi inaning'inia darini. Mifupa ya nyati wa kale imechomoza ukutani, na kabari kubwa za barafu zimeshuka kutoka juu zikiupasua udongo.

Mwongozaji alituruhusu kuondoka na bonge moja la udongo ule. Ukiligonga, linalia kama tofali lililochomwa vizuri. Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alilitia kwenye kikombe cha chai akalishika mapajani ndani ya basi. Tulipofika mjini lilikuwa uji, maji yamesimama juu na tope limekaa chini. Kile kikombe kilizungushwa meza kwa meza wakati wa chakula cha usiku, na watu wenye miaka 20 kazini walikiangalia kimya. Fikirieni msingi wa nyumba uliokaa juu ya udongo wa namna ile, halafu joto la jiko na la mabomba ya maji lishuke chini mwaka hadi mwaka.

Hapa nawaomba radhi. Basi tulilokodi lilikuja dogo kuliko tulivyoagiza, na wanachama tisa walibaki hotelini. Nilipaswa kuthibitisha siku moja kabla, na sikufanya hivyo. Watakuwa wa kwanza kwenye orodha ya ziara ijayo.

Njiani tulisimama kwenye bomba la mafuta linalotoka Prudhoe Bay, kaskazini mwa Alaska, hadi bandari ya Valdez kusini, kilomita 1,287, lililoanza kupitisha mafuta Juni 1977. Mgeni wetu wa heshima, fundi mstaafu aliyelikagua bomba hilo kwa miaka mingi, alikataa kipaza sauti akatuhutubia akiwa amesimama chini yake, na mwanachama wetu akawa anatafsiri. Alitueleza kuwa mafuta yanatoka ardhini yakiwa ya moto, hivyo bomba likizikwa kwenye udongo wenye barafu litauyeyusha na kuzama. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya safari yake limebebwa juu ya nguzo, ambazo zote pamoja ni 78,000 hivi. Nguzo nyingi zina mirija yenye amonia. Wakati wa baridi amonia iliyo chini huchukua joto la udongo, hugeuka mvuke, hupanda, hupoa kwenye mapezi ya juu, yaani mabapa ya kutolea joto hewani, kisha hutiririka kurudi chini. Kiangazi kikija, kazi hiyo husimama yenyewe. Hakuna pampu wala umeme.

Kisha akatusimulia tetemeko la tarehe 3 Novemba 2002, la ukubwa wa 7.9. Mahali bomba linapokatiza ufa wa Denali, ardhi ilisogea zaidi ya mita 4. Wabunifu walikuwa wameujua ufa ule mapema, wakaliweka bomba hapo juu ya reli ndefu liweze kuteleza. Liliteleza, na halikuvuja. Mzee yule alipofika hapo alinyamaza, akapiga nguzo kwa kiganja mara mbili. Sijaona mhadhara wa ukumbini uliowashika watu namna ile.

Usiku wa pili tuliupa bomba letu la nyumbani, la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mwanachama wetu wa Tanga alitufungua macho. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, kwa hiyo yanabidi kupashwa moto yasishuke chini ya nyuzi 50 hivi, la sivyo yanaganda bombani hata kwenye joto letu. Na kule Alaska, kwa kuwa mafuta yamepungua sana tangu kilele cha mwaka 1988, yanakwenda polepole, yanapoa njiani, na nta imekuwa adui wao pia. Fundi mstaafu na kijana wa Tanga walikaa pembeni hadi karibu saa sita usiku wakichorana michoro kwenye karatasi za mezani. Nimeziomba karatasi hizo, na katibu anazo.

Mhadhara uliozua mjadala mkali ulihusu ardhi kunyanyuka kwa baridi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni maji kutanuka yanapoganda, basi. Mhadhiri wetu alieleza jaribio la Stephen Taber la mwaka 1930. Aliugandisha udongo wenye benzini ya maabara, kimiminika ambacho husinyaa kinapoganda, na bado udongo ulinyanyuka. Kinachounyanyua ni kimiminika kinachovutwa kutoka chini kwenda penye mgando, kikajipanga tabaka juu ya tabaka. Tukabishana tuuite nini kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Mombasa, anayesimamia kazi za zege huko Edmonton, akasema: "Huko ni kuumuka, kama unga wa mahamri." Ukumbi mzima ulikubali. Kuanzia sasa, katika nyaraka zetu, ardhi inaumuka.

Mama huyohuyo aliongoza warsha ya kumwaga zege kwenye baridi: kuchemsha maji, kufunika kwa maturubai na blanketi, na kulilinda zege mpaka lifikie nguvu ya megapaskali 3.5 kabla halijaguswa na mgando. Vijana walioshiriki wanataka irudiwe. Tutairudia.

Hotuba ya ufunguzi na tuzo za wanafunzi zilikwenda salama.

Naomba mkutano mkuu uridhie mambo mawili. Kwanza, ziara itangulie mihadhara kila mwaka. Pili, angalau nusu ya wazungumzaji wawe mafundi na wasimamizi wa kazi, wazungumze kwa Kiswahili, na wasiojua Kiswahili watafsiriwe papo hapo. Nilisikia Fairbanks maswali ambayo sijawahi kuyasikia mikutano ya nyuma, mengi yakitoka kwa watu waliokuwa wakikaa kimya miaka yote kwa sababu ya lugha.

Wanafunzi wanaohitaji nauli ya mkutano ujao wapeleke majina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Wale tisa wa basi hawana haja ya kuomba ziara. Majina yao ninayo.

Mwenyekiti