Kabla hujalipeleka somo kuchapwa

Baba Neema,

Bwana asifiwe. Nyumbani wote wazima, nanyi natumaini hamjambo. Salamu nyingine nitaziweka mwishoni, maana Mwinjilisti anaondoka na gari la saa nane na nataka barua hii aichukue yeye.

Nimelisoma somo lako mara mbili. Ukurasa wa tatu umeninyima raha, tafadhali usiuchape ulivyo. Umesema Wakeni, lile kabila la Agano la Kale, ni uzao wa Kaini muuaji, kwamba walibeba laana yake, na kwamba nchi ya Kenya imeitwa kwa jina lao.

La Kenya lifute lote. Jina lile limetoka mlimani: Wakamba wanauita Kiinyaa, Wakikuyu Kirinyaga. Mmisionari Krapf aliuona mwaka 1849 akiwa Ukambani, akaandika Kenia. Koloni likapewa jina hilo mwaka 1920. Kiebrania hakimo.

La Kaini ndilo gumu, kwa sababu nusu yake umepatia. Mkeni kwa Kiebrania ni Qeini. Herufi zake ni nne: kofu, yodi, nuni, yodi. Ile yodi ya mwisho ni kiambishi cha kabila, kama katika Yehudi au Moabi. Iondoe, zinabaki herufi zilezile za Qayin, yaani Kaini. Irabu kubadilika kusikushangaze: bayit ni nyumba, lakini ikiungwa na neno jingine inakuwa beit, ndiyo Bethlehemu yetu. Kwa hiyo Qeini ni "mtu wa Qayin". Balaamu naye anaonyesha hivyo. Katika Hesabu 24:21 anacheza na neno qen, kiota, akisema kiota chao kimewekwa mwambani. Mstari wa 22 Kiebrania kinawaita Qayin waziwazi. Ukisoma Kiswahili peke yake mchezo huo wa sauti huusikii, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ila jina kufanana si ukoo. Hakuna orodha ya vizazi katika Biblia inayowashusha Wakeni kutoka kwa Kaini wa Mwanzo 4, na baada ya gharika masimulizi yanaendelea na nyumba ya Nuhu tu, aliye wa uzao wa Sethi. Laana ndiyo haipo kabisa! Sauli anawaambia watoke kati ya Waamaleki wasije wakaangamia nao, kwa kuwa waliwatendea Israeli wema walipotoka Misri (1 Samweli 15:6). Yaeli, mke wa Heberi Mkeni, anabarikiwa katika Waamuzi 5:24. Warekabu, wanaounganishwa na Wakeni katika 1 Nyakati 2:55, wanapewa ahadi na Yeremia mwishoni mwa sura ya 35. Utasimamaje mbele ya kusanyiko zima useme watu hawa wamelaaniwa? Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya hilo la Kenya.

Kuhusu maana ya jina la Kaini, usiandike "kupata". Hawa anasema qaniti, nimepata, katika Mwanzo 4:1, lakini ule ni mwangwi wa sauti. Mzizi wa kitenzi hicho ni kofu, nuni, he. Maana inayokubaliwa na wengi ni ya uhunzi. Kwa Kiarabu qayn ni mfua chuma, Kiaramu kina neno lake la jamii hiyohiyo, na kwenye 2 Samweli 21:16 qayin ni mkuki, wenye uzito wa shekeli 300 za shaba. Tubal-kaini, mfua shaba na chuma, unamjua. Hata hivyo andika "huenda". Hakuna mstari unaosema Wakeni walikuwa wahunzi. Hata Timna, kwenye machimbo ya shaba kaskazini ya Ghuba ya Akaba, ambako mwanaakiolojia Beno Rothenberg alichimbua hekalu dogo lenye nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu, Wakeni hawakutajwa katika andiko lolote.

Asili yao ni kusini. Waamuzi 1:16 inawapandisha kutoka Mji wa Mitende hadi jangwa la Yuda, upande wa Aradi. Heberi peke yake ndiye aliyejitenga akapiga hema karibu na Kedeshi, kaskazini. Umeuliza mkwewe Musa alikuwa Mmidiani au Mkeni. Kutoka inasema kuhani wa Midiani, Waamuzi inasema Mkeni. Wengi huwaona Wakeni kama ukoo uliokaa na Wamidiani. Majina anayotajwa nayo mkwe huyo ndiyo yanayochanganya: Reueli, Yethro, Hobabu. Kiebrania kiliandikwa bila irabu, na khoten, baba mkwe, herufi zake ni sawa na za khatan, mume wa binti. Waeleze hivi: neno letu "mkwe" nalo linawabeba wote wawili. Wataelewa mara moja.

Nimekumbuka jingine: kwenye jedwali lako umemweka Mkenizi pamoja na Mkeni. Mwanzo 15:19 inawataja wawili hao kwa kufuatana, lakini Mkenizi ana herufi zayini, ni jina jingine. Watenganishe.

Mambo ya hekalu la Soleb kule Nubia, ambako andiko la Farao Amenhotep III linataja nchi ya Washasu, wahamahamaji wa jangwani, inayohusishwa na jina la Yahwe, yaache. Yanahitaji jioni nzima.

Je, kurasa zingine zimeshakwenda kwa mchapaji? Nafasi uliyonayo ni kurasa ngapi, nikuandikie upya huo wa tatu? Mzee Mathayo alilipitia somo, au bado anaumwa? Na lile neno la laana ulilitoa wapi, kitabuni au kwa yule mgeni wa semina? Mama Neema mguu unaendeleaje? Nijibu kwa mkono wa Mwinjilisti Alhamisi.

Wako katika Bwana,
Baba Tumaini