Tuache kukariri mashine, tuziandike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu tunaoandika programu za kompyuta, hasa wanaofundisha chipukizi. Masomo mengi, yakiwemo yanayochapwa magazetini, humwanzisha mwanafunzi kwa kumwambia asakinishe hiki, kisha kile, kisha kingine, moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Mwezi ukipita, hakuna anayekumbuka kilichowekwa wala ni toleo gani. Hapo ndipo yanapozaliwa maneno yaliyoturudisha nyuma miaka nenda rudi: "Mbona kwangu inakubali?"

Nami nimeyasema. Niliandika programu ya ripoti za mauzo, ikaenda vizuri wiki tatu kwenye kompyuta yangu ya Windows. Tulipoipeleka kwenye seva, yaani kompyuta inayowahudumia watumiaji wote, yenye mfumo wa Linux, ikagoma kuwaka, ikidai faili halipo. Faili lilikuwapo, naliona. Nilihangaika nalo hadi usiku wa manane ndipo nikang'amua: faili lenyewe liliitwa Ripoti, kwa herufi kubwa, na ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, nimeliita ripoti. Kwa kawaida Windows huyachukulia majina hayo kuwa jina moja. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti. Herufi moja tu! Kesho yake tukakuta mauzo ya usiku yameandikwa siku nyingine, kwa kuwa saa ya seva ilifuata UTC, saa ya kimataifa, na yangu haikuifuata.

Dawa ipo, nayo ni mashine pepe: kompyuta nzima yenye mfumo wake, diski yake na kumbukumbu yake, inayoendeshwa ndani ya kompyuta uliyo nayo. Si jambo la jana. IBM walitoa VM/370 mwaka 1972 ili kompyuta moja kubwa itumiwe na watu wengi, kila mmoja akijiona ana yake peke yake. Siku hizi VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, inapatikana bure, na prosesa za Intel na AMD zimebeba uwezo wa kuharakisha kazi hiyo tangu 2005 na 2006. Ukiandika programu yako ndani ya Linux ileile iliyoko kwenye seva, kosa la herufi yangu lingeonekana dakika ya kwanza.

Lakini kuwa na mashine pepe peke yake hakutoshi, na hapa ndipo nataka nisikike. Sisi tulitengeneza moja nzuri, tukainakili yote kwenye diski ya nje, gigabaiti 20, ikapita mkono kwa mkono. Baada ya miezi sita kila mtu alikuwa ameichokonoa ya kwake. Huyu kapandisha toleo la hifadhidata, yule kaongeza maktaba ya msimbo, na hakuna aliyeandika popote. Tukarudi kulekule kwa "kwangu inakubali", safari hii tukiwa na diski zilizojaa.

Kilichotuokoa ni faili dogo la maandishi. Tunatumia Vagrant, chombo cha kujenga mashine pepe kwa kufuata faili kama hilo, alichokianzisha Mitchell Hashimoto mwaka 2010. Ndani ya faili hilo tumeandika tunaanza na toleo lipi la Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kumbukumbu kiasi gani, folda zipi zionekane pande zote mbili, na skripti, yaani orodha ya amri, ya kusakinisha kila kitu. Linakaa pamoja na msimbo kwenye Git, chombo kinachotunza kumbukumbu za kila badiliko, kwa hiyo anayelibadilisha anaonekana, na sababu yake inasomeka. Unaandika "vagrant up", mashine inajengwa. Unaandika "vagrant destroy", inafutika.

Matoleo ndiyo yaliyotutesa zaidi. Mwanzoni skripti yetu ilisema tu "weka PostgreSQL", yaani hifadhidata tunayoitumia. Aliyejenga mashine mapema alipata toleo moja, aliyejenga baada ya miezi saba akapata jingine, na faili ni lilelile. Andikeni namba kamili, jamani, hadi tarakimu ya mwisho. Na kwa kuwa vifurushi vya zamani, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, huondolewa kwenye hazina za kawaida za mtandaoni, sisi huvichukua kwenye snapshot.debian.org, ambako Debian huvihifadhi kwa tarehe.

Kila Ijumaa jioni naifuta mashine yangu, Jumatatu naijenga upya. Mara ya kwanza ilikwama, na nilifurahi ilipokwama: kulikuwa na kifurushi nilichokiweka kwa mkono bila kukiandika. Sasa hujijenga kwa dakika 11. Mwenzetu mpya wa mwisho alirekebisha hitilafu yake ya kwanza kabla ya adhuhuri; aliyemtangulia alitumia siku nne kusakinisha tu.

Najua kompyuta yenye gigabaiti nne za kumbukumbu italemewa, na kwamba kompyuta za Apple zenye prosesa za M1, zilizotoka 2020, haziendeshi kwa kasi mashine pepe zilizotengenezwa kwa ajili ya prosesa za Intel. Wengine wamehamia kwenye kontena, ambazo hutenga programu bila kubeba mfumo mzima wa kompyuta, hivyo ni nyepesi. Sina ugomvi nao, mradi zijengwe kwa faili lililoandikwa.

Walimu, kabla mwanafunzi hajaandika mstari wake wa kwanza wa programu, mpeni faili hilo alisome na alijenge. Nawe Mhariri, la kwetu lina mistari 34, linaenea kwenye safu moja ya ukurasa wako wa teknolojia. Niko tayari kulileta, lenye maelezo ya kila mstari.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu