Risala ya Kikundi cha Wachongaji wa Parokia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kubarikiwa Vituo vya Njia ya Msalaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Masista, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo,
Ndugu waalikwa,

Tumsifu Yesu Kristo!

Karibu sana kwetu Usukumani. Matope uliyokutana nayo njiani utuwie radhi. Ndiyo mvua tuliyoiomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina vijana 11. Tulianza tukiwa wanne, na tezo moja ya kuazima. Vituo 14 ambavyo Baba Paroko atavibariki leo mbele yako tumevichonga kwa mbao za mninga kwa muda wa miezi tisa, tukifanya kazi jioni baada ya kutoka shambani.

Hatukutegemea kazi hii ilete maneno. Yalianzia kituo cha tano. Simoni wa Kirene tulimchonga kama mkulima wa pamba wa huku kwetu, suruali imekunjwa magotini, jembe amelitupa chini ili aubebe msalaba. Mzee wetu mmoja akamtazama, akasema: "Huyu si Simoni, huyu ni jirani yangu." Hakuwa anasifu. Wengine wakasema sanamu za kanisani ni zile za plasta zinazouzwa mjini, hizi zetu ni vinyago. Neno hilo lilituuma, maana kila mmoja hapa anajua tofauti ya kuambiwa umechonga sanamu na kuambiwa umechonga kinyago.

Hatukubishana. Tulichanga, tukakodi Hiace, tukamchukua mzee na wenzake hadi Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Wengi wetu tulikuwa tunaijua Bujora kwa ngoma tu. Ile parokia ililelewa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Ndiye aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma palepale kwenye misheni, na jengo moja la makumbusho hayo lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ukiingia kanisani unakuta utemi uleule umehamia altareni. Tabernakulo, inamotunzwa Ekaristi, ina umbo la nyumba ya Kisukuma, na mlangoni pana ngao na mikuki. Mzee wetu alisimama hapo muda mrefu. Hakuhitaji katekista wa kumweleza kwamba mwenye nyumba yumo ndani, na kwamba ni mfalme. Sisi tulikwishafundishwa habari ya Kristo Mfalme darasani, tukaijibu vizuri kwenye mtihani wa kipaimara, lakini siku ile ndipo tulipoiona.

Pale pale Bujora, sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, inaitwa Bulabo, yaani maua, na Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana kwa ngoma mpaka vumbi lifunike uwanja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukujitungia jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Jirani zetu wa Uganda walijenga kanisa la mashahidi la Namugongo kwa umbo la nyumba ya Kiganda, ikiwa na nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Na wanaotuuliza kama tunaabudu miti, Mtaguso wa Pili wa Nikea uliwajibu mwaka 787: heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Kuhusu Simoni, Kirene iko Libya ya leo. Mtu wa Afrika alikuwa kwenye njia ile kabla patasi yetu haijagusa ubao.

Hata hivyo tunakiri upungufu wetu. Kituo cha kumi na mbili kina ufa, kwa sababu tulichonga ubao ambao haujakauka. Tumeujaza gundi na unga wa mbao, ila mwenye macho ataona. Hatuna banda, mvua ikinyesha tunahamia chini ya mwembe, na mwembe nao unavuja. Yuko pia mteja aliyechukua msalaba mkubwa mwaka jana na bado anasema "kesho".

Tunakuomba utusaidie mabati 20 na seti ya patasi. Tunaomba pia utusemee kwa wakuu wa shule za jirani walete wanafunzi Jumamosi wajifunze kuchonga, tutawafundisha bure.

Atakayekutembeza kwenye vituo ni yule mzee wa kituo cha tano. Ameomba mwenyewe, ingawa mpaka leo anashikilia kwamba mpini wa jembe la Simoni ni mfupi mno.

Tunaomba kuwasilisha.