Amekata tiketi za safari yetu bila kuniuliza

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia alfajiri, usingizi umenipaa tangu saa nane. Mume wangu anakoroma kama hakuna lililotokea.

Jana amekuja na tiketi, zimeshalipiwa. Machi, siku 7. Safari ile ile ya Norwei ambayo nimeipigia hesabu tangu tuoane. Hakuniuliza, Shangazi. Hata "unaonaje?" hakusema. Dada yake ndiye aliyejua kwanza, na ndiye aliyemwambia kuwa Machi nauli inashuka.

Mimi si mtu wa makuu, na nusu ya hela hizo ni jasho langu. Nilitaka katikati ya Juni, siku 14, na sikuziokota tu hizo tarehe. Juni theluji ya milimani inayeyuka, maporomoko ya Geiranger yanajaa maji, na kule Tromsø, kaskazini, jua halizami kabisa. Machi barabara ya Trollstigen, ile yenye kona 11 za kupanda mlima, huwa imefungwa kwa theluji. Yote hayo yamo kwenye daftari langu, kila kituo nimekichora kwa penseli ya rangi, na tiketi zake akaja kuzibwaga juu ya ukurasa huo huo bila hata kuutazama.

Anasema Machi kuna zile taa za kijani za angani, zinazojiwakia zenyewe usiku. Ni kweli zipo, na Juni huzioni kwa kuwa usiku hauingii giza. Lakini nani alimwambia ninataka taa? Si angeuliza?

Na siku 7 zenyewe, toa ya kwenda na ya kurudi, zinabaki 5. Humo humo anataka Oslo, Bergen, Tromsø na visiwa vya Lofoten! Treni ya Oslo hadi Bergen peke yake inakula karibu saa 7. Tutakuwa watu wa kufunga na kufungua mabegi tu.

Nikimweleza, ananiambia napenda kulalamika. Silalamiki. Angeniuliza, hata siku 3 za Januari ningekubali. Hapana, Januari nisingekubali, kule Tromsø jua halichomozi hadi katikati ya mwezi. Lakini tungezungumza.

Tiketi zinabadilishika kwa faini, ila kasema nikitaka Juni nilipe mwenyewe. Hela ninayo. Kuna saa nawaza aende yeye na dada yake hiyo Machi, mimi niende Juni peke yangu, nipande ile meli ya pwani kutoka Bergen hadi Kirkenes bila haraka ya mtu. Mke akifanya hivyo, Shangazi, ndoa inabaki ndoa? Maana nikijiona nimesimama pale bila yeye, machozi yananitoka. Niliipanga iwe yetu wawili, ndiyo maana imeniuma alivyokosa kuniuliza.

Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Norwei, kwa kawaida hutolewa kwa tarehe ulizoombea, kwa hiyo nikishatia sahihi fomu, Juni yangu imekwenda. Yeye yake ameshajaza, anataka tuzipeleke wiki hii. Nitie sahihi yaishe, au nikatae? Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi msomaji wako.