Kuhusu taarifa kabla ya kesi

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa wengi mmeuliza kuhusu pendekezo la Marekani kwamba mwenye duka apewe taarifa kabla ya kushtakiwa na mtu mwenye ulemavu, muswada H.R. 620, uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi la Marekani Februari 2018 kwa kura 225 dhidi ya 192, ungemlazimu mtu mwenye ulemavu aliyeshindwa kuingia dukani kwa sababu ya vizuizi kama ngazi kumpelekea mwenye duka taarifa ya maandishi na kumsubiri siku 60 ajibu, kabla ya kwenda mahakamani. Seneti haikuupitisha. Malalamiko ya waliounga mkono muswada, kuhusu mawakili wanaofungua kesi za namna hii kwa wingi ili wapate fedha, yana ukweli, hasa California, ambako sheria ya jimbo inaruhusu fidia isiyopungua dola 4,000. Lakini sheria ya shirikisho (ya nchi nzima) ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, ADA, ambayo muswada ulitaka kuibadili, haimpi mlalamikaji binafsi fidia yoyote ya fedha. Mjadala uendelee hapa, kwa staha.