Subira hainunui nepi

Mhariri,

Ripoti yenu ya juzi kuhusu wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu ilisifu subira ya walezi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Habari za aina hii nimezisoma miaka mingi nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa, kwa sababu pesa hamkuzigusa.

Tuhesabu. Mgonjwa asiyejua tena haja inamtoka saa ngapi hubadilishwa nepi mara tatu kwa siku, na mara nne au tano akiharisha. Nepi moja ya mtu mzima ni karibu shilingi 100, kwa hiyo ni shilingi 9,000 kwa mwezi kabla ya dawa, sabuni na nauli ya kliniki. Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa pesa za wazee, humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kile kile cha 2018 mpango ulipofunguliwa kwa wazee wote wa umri huo. Mlezi naye, ambaye mara nyingi ni binti au mke wa mwana, ameshafunga kibanda chake cha mboga, maana mgonjwa akiachwa saa moja tu ataacha jiko linawaka au atatoka apotee.

Hata hizo 2,000 kuzipata ni kazi. Kwa wakala mmoja anayelipa pesa hizo, mama wa miaka themanini hivi alibandikwa kidole kwenye mashine mara sita. Vidole vilivyolima na kufua maisha yote vimefutika mistari. Alipoulizwa jina, akataja la dada yake aliyefariki zamani. Akaambiwa arudi na mlezi aliyeandikishwa, na mlezi huyo ni mjukuu aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Binti aliyemleta, anayemwogesha kila asubuhi, hamo kwenye sajili. Ili aingizwe inabidi apate barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wote wawili, aende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, kisha angoje rekodi ibadilishwe. Kila safari hulipa boda boda ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa haachiki nyumbani. Wenye akaunti ya benki wana lao pia: hati ya uwakilishi, inayomruhusu mtu mwingine kushika pesa zako, hupoteza nguvu mwenye akaunti anapopoteza uwezo wa kuamua, na familia huishia Mahakama Kuu na ripoti za madaktari, akiomba kusimamia akiba ambayo ada ya wakili inaweza kuimaliza.

Na jambo jingine, mhariri. Acheni kuandika "mzee akutwa uchi usiku" na kuliacha lining'inie hivyo. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma kule Ganze wakiogopa jamaa zao wa damu. Mgonjwa wa usahaulifu hutoka usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa. Andikeni hivyo.

Ninachotaka ni hiki. Kila mzee aandikishiwe walezi wawili, na majina yahakikiwe kila mwaka na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba. Kliniki ikishathibitisha ugonjwa, fomu ya daktari itoshe kubadilisha mlezi, na zahanati impe mgonjwa nepi 90 kila mwezi.

Kwa familia zinazosoma: ugonjwa huu mara nyingi hula hesabu kabla haujala majina ya watoto. Mzee akianza kulipa deni moja mara mbili, kusahau namba ya siri kila wiki, au kumtumia pesa kila tapeli anayepiga simu, mpelekeni akapimwe, na nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii wiki hiyo hiyo, angali anajua jina lake na anaweza kusema mwenyewe nani amshikie pesa zake.

Afisa mstaafu wa maendeleo ya jamii,
Kilifi